Sindano kwenye Gauni la Bi Harusi

Leo nimemchoma bi harusi kwa sindano. Kichwani mwangu tu, msiogope! 😂

Asubuhi mama yake kaja dukani kwangu Tibirinzi kuchukua gauni. Nilishalikagua mara moja, kama nilivyokubaliana na daktari.

Hajafika hata barabarani, wazo likaja: "Umeacha sindano ndani. Mkimbilie!"

Mnaonijua mnajua nina OCD, maradhi ya mawazo yanayong'ang'ania. Zamani ningemfuata mpaka kwake nikalikague mara kumi.

Leo nilishavaa kiatu kimoja. Nikasimama.

Nikasema kwa sauti, "Hili ni lile wazo langu. Labda sindano imo, labda haimo. Mimi nashona."

Nikarudi kwenye cherahani.

Baada ya saa moja, simu. Mama wa bi harusi!

"Bi Rukia, tumekuta kitu ndani ya gauni!"

Wallahi roho ilinitoka.

"Mfuko! Kumbe umetia mfuko! Bi harusi anaruka humu ndani, kapata pa kuwekea simu!"

Nimecheka mpaka machozi.

Wazo limeshahamia kwenye mapazia niliyomshonea jirani. Lipige kelele tu, mimi nakata kitambaa.

Na nyie wenzangu wenye OCD, wazo lenu leo limewaambia nini?