Chuku Niliyomficha Daktari wa Macho

Wazee mliokaa benchi la mbele, shikamooni. Na ninyi wengine, hamjambo. Mimi Fatuma, wa Mtanda hapa hapa Lindi. Nesi ameniomba niwasimulie habari ya jicho langu la kushoto wakati mnasubiri, na mimi kwa kuongea sijawahi kuchoka.

Kazi yangu ni kushona kofia za mkono, hizi zenye vitobo. Macho yangu nilikuwa nayaringia. Uzi naupitisha kwenye sindano huku nagombana na watu. Halafu mwaka juzi mstari niliouchora mwenyewe kwenye kofia nikauona umepinda. Nikafumba jicho la kushoto, umenyooka. Nikafumba la kulia, umepinda. Pembeni vikawa vinawaka vimulimuli mchana kweupe. Maumivu hakuna, ndiyo maana nilikaa nalo miezi mitatu.

Mume wangu, Mohamedi, akanipeleka hospitali kubwa Dar es Salaam. Wakanitia dawa ya kupanua mboni, wakanidunga dawa ya rangi mkononi ili picha ya ndani ionekane vizuri. Siku ile mkojo wangu ulikuwa wa njano kama maji ya binzari, nikapiga kelele chooni. Daktari, binti mdogo tu, akanieleza taratibu.

"Mama, nyuma ya jicho lako kuna doa jeusi. Mengine hukaa vilevile maisha yote. Mengine hukua yakawa saratani."

"Langu je?"

"Bado sijui. Tutalipiga picha na kulipima unene kila ukija. Pia tuna utafiti. Tunatafuta alama kwenye damu za kutuonyesha mapema doa lipi litakua. Ukikubali, tutachukua na damu yako."

Nikakubali, nikatoa damu, nikarudi Lindi.

Shangazi yangu Bi Somoe aliposikia kwamba habari iko kwenye damu, akashika kiuno. "Sasa mwanangu, damu chafu hiyo utampelekeaje daktari? Itolewe kwanza." Nikaona ana hoja. Siku nne kabla ya safari ya pili akaja na mpiga chuku. Nikachanjwa wembe mgongoni, vikombe vikabandikwa, damu ikatoka nzito, mabonge mabonge. Nilijisikia mwepesi kweli, sisemi uongo. Nikaenda Dar kama mtu aliyefagia nyumba kwa ajili ya mgeni.

Daktari akauliza, "Tangu tuonane, umeumwa, umechanjwa, umetumia dawa yoyote?"

"Hapana." Ilinitoka kwa aibu tu. Wakachukua damu ya pili, nikarudi nyumbani.

Baada ya wiki chache akapiga simu: alama zimepanda, nirudi. Nililia. Mohamedi akasema, "Ukipofuka nitakushika mkono mimi." Nikazidi kulia. Tulipofika, picha ikaonyesha doa liko vilevile, na daktari hakuelewa. Nesi aliponisaidia kulala kitandani, gauni likashuka begani.

"Mama, chuku hii ya lini?"

Nikasema yote. Daktari hakunigombeza, na mimi nilitamani anigombeze. "Vidonda vile huamsha vitu vingi kwenye damu," akasema. "Sasa sijui anayesema ni jicho au mgongo. Tungoje wiki sita, bila wembe."

Tukangoja. Damu ya tatu alama zikazidi kupanda, na safari hii doa lilikuwa limenenepa, lina maji chini yake. "Damu imetushtua tu, Mama," akaniambia. "Kilichoamua ni kipimo cha jicho." Lilikuwa limeshika mshipa wa kuonea. Ikabidi jicho litolewe kabla saratani haijashuka kwenye ini.

Kope zilivimba wiki mbili, shimo likawa linatoa majimaji ya pinki. Sasa nimevaa la bandia, nalivua naliosha. Sindano ilinitesa, nilijichoma vidole mpaka kofia zikawa na madoa, lakini nimezoea. Ini linapimwa kila mara, na mpaka leo ni safi, alhamdulillahi.

Je, zile wiki sita ndizo zilizochukua jicho? Daktari anasema hapana, kwa mahali lilipokaa doa jicho lisingebaki. Namwamini. Ila kuna siku nashona, nikajiuliza tena.

Bi Somoe alikuja akalia, "Nimekuponza, mwanangu." Nikamwambia, "Shangazi, wewe umeniletea chuku tu. Aliyemwambia daktari hapana ni mimi."

Namshukuru yule binti daktari, na Mohamedi ambaye hajawahi kugeuza uso. Na ninyi sitawakataza chuku, ni ya kwetu. Nawaomba mseme tu.

Zamu yangu leo ni ya pili. Humu ndani kuna mtu safari iliyopita alijibu hapana, na moyo wake unajua. Achukue nafasi yangu aingie. Mimi nitangoja.