Figo ya Kiluwiluwi Iko Upande Gani

Siku ya kwanza kazini, pale Kilole, Mkuu wa Maabara alinikabidhi ndoo ya vyura na kuniuliza wako wangapi. Nikasema kumi na tisa. Nikarudia, wakawa kumi na wanane; mmoja alishateleza chini ya meza. Nilitoka mnadani Handeni, nilikokuwa nachinja na kuchuna mbuzi. Waliniajiri kwa sababu mikono yangu haitetemeki.

Vyura tuliwatoa kwenye madimbwi ya Kwamsisi. Jike akichomwa homoni jioni, asubuhi anataga. Yai lililorutubishwa likigawanyika seli mbili, unachoma moja tu dawa kwa sindano ya kioo, nyembamba kuliko unywele. Seli moja hujenga upande wa kushoto wa mwili, nyingine wa kulia. Kwa hiyo unapata mgonjwa na mzima ndani ya ngozi moja. Wawili kwa bei ya mmoja.

Dada Rehema, mtafiti kijana wa Kwashemshi, alifuatilia jeni moja. Jeni ni agizo lililoandikwa ndani ya seli. Alidai hiyo ndiyo inayoziambia seli zilizo nyuma ya kichwa cha kiluwiluwi ziwe figo. Akaizima upande wa kushoto. Kama alisema kweli, figo ya kushoto isingeota, na rangi ya buluu, inayoshika figo tu, ingetuonyesha. Muda wake wa utafiti ulikuwa unaisha wiki ile. Hakuwa na nafasi nyingine.

Nikapanga viluwiluwi arobaini na sita kwenye sahani, nikainamia hadubini.

"Kulia hakuna figo," nikasoma. "Kulia hakuna. Kulia tena."

Mkuu akavua miwani. "Mliwachanganya. Mwageni."

Rehema alishika ukingo wa meza.

"Mkuu, nipe saa moja nirudie," nikasema.

"Mzee Mhina, hapa si mnadani. Dakika kumi."

"Arobaini."

"Ishirini, na usinitazame hivyo."

Nikarudi kwenye hadubini. Wa kwanza tu, nikaona moyo unanitazama. Moyo uko tumboni. Nilikuwa nimewalaza wote chali, kama mbuzi wa kuchunwa! Kushoto kwao kulikuwa kulia kwangu.

Ningeweza kuwageuza kimya kimya. Nikasema, "Aliyekosea ni mimi. Nimewalaza chali."

Nikawageuza mmoja mmoja, migongo juu. Arobaini na mmoja hawakuwa na figo ya kushoto. Nikahesabu tena: arobaini na mmoja.

Mkuu aliinamia hadubini mwenyewe, kisha akamsogezea Rehema kiti. "Kaa, mama. Andika. Na wewe mzee, umetutia presha bure."

"Kaka Mhina," Rehema akanong'ona, "nilishaanza kutafuta maneno ya kumwambia baba."

Nilistaafu mwaka jana. Wanaoanza kazi huniuliza nilipata nini pale, nami nawaeleza nilichokiona asubuhi ile: kulia, uzi wa buluu umejikunja vizuri, figo kamili. Kushoto, seli zilezile, hai, zina afya, zimekaa tu. Hakuna aliyeziambia.