Mke Mwenza wa Bibi

Kwetu, mtoto wa kike akizaliwa tu, bibi yake ameshapata mke mwenza. Babu atamwita mke wangu, bibi atanuna kwa uongo, atamnyang'anya andazi, atamwambia arudi kwao maana hata kukuna nazi hajui. Mtoto naye anajifunza kujibu. Ndivyo tulivyokua sote huku Rufiji, na hakuna aliyetufundisha.

Binti yangu alipofika umri wa kujibu, hakujibu. Ukimwita hageuki. Ukimbeba, macho yake yanapita begani kwako yanakwenda zake. Siku hizi wanaita usonji. Wakati ule sisi hatukuwa na neno, tulikuwa na maneno ya majirani tu. Waja hawakosi la kusema. Mmoja alinipitia barazani akaniambia mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nikamwambia kumbe ndiyo maana wa kwake wamekua wambea. Mdomo wangu ulikuwa hivyo, na bado.

Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa, kila mtu anauza kitu. Mume wangu alikuwa huko delta akinunua kamba kwa wavuvi, mimi nauza viatu vya mtumba hapa Bungu, kando ya barabara. Nikirudi na gunia langu, binti yangu anavimwaga viatu ukumbini na kuvipanga mstari mmoja, vyote vikielekea mlangoni. Ukisogeza kimoja, ni kilio mpaka sauti inakauka. Sikuwa na makuu. Nilitaka anitazame tu, nijue kwamba anajua mimi ni nani.

Kliniki ya Kibiti akaja mama mmoja kutoka Dar es Salaam, mtaalamu wa watoto wa namna hii. Hakutoa dawa. Alisema msimvute aje kwenu, ninyi ndio mwende kwake. Kaeni chini, mfanye anachofanya, kisha mumzuie kidogo kwa mchezo, taratibu, mpaka awahitaji. Nilirudi nyumbani na hasira. Nimekaa foleni tangu asubuhi, naambiwa nikacheze?

Nilicheza hata hivyo. Nikakaa chini, nikapanga viatu naye. Lakini kila nilipomzuia, uso wangu ulikuwa uso wa mama anayekataza, na yeye akalia. Mama kwetu hamtanii mwanawe. Kazi hiyo ina mwenyewe. Nikamwendea mama mkwe, tuliyekuwa tukikaa naye, na kwa adabu zote nikamwomba amtanie mtoto.

"Utani ni wa kujibizana, mwanangu," aliniambia. "Nitamtania nani? Masikini wa Mungu, mwache apumzike."

Hapo ndipo nikaona. Mkwe wangu yule, aliyewatania wajukuu wote mpaka wakawa wanamkimbia, kwa huyu mmoja alikuwa akinong'ona kama yuko matangani. Tulikuwa tumemwonea huruma mpaka tukamnyima utani. Iliniuma, na adabu zikanitoka.

"Mama, huyu hajafa," nilisema. "Ni mke mwenzako."

Nilijua nimevuka mpaka, nikajitia jikoni kupepeta mchele uliokwisha kupepetwa. Baadaye kidogo nikamsikia akiguna, anashuka chini. Nikachungulia. Alikuwa amechomeka mguu wake mpana, wenye magaga, kwenye kiatu kimoja cha mstari, chekundu, cha kisigino kirefu.

"Hiki changu," akamwambia mtoto. "Kaninunulia mume wetu. Wewe kakununulia nini?"

Binti yangu akakunja uso. Nikajiandaa kwa kilio. Akakivua kile kiatu mguuni, akakirudisha mahali pake. Bibi akachomeka mguu kwenye kinachofuata. Kikavuliwa. Akachomeka kwenye kingine, huku anamwita mwizi wa waume. Kikavuliwa nacho. Kisha bibi akatulia, mguu juu, anangoja. Mtoto akautazama mguu. Akautazama tena. Halafu akainua macho kumtafuta mwenye mguu.

Ukawa mchezo wao kila jioni. Nilifurahi, Mungu anajua, na wivu pia nilikuwa nao. Mimi niliyemzaa nilibaki mlangoni natazama.

Siku moja mkwe alikuwa akiswali alasiri, kandambili zake kaziacha kando ya mkeka. Binti yangu akachukua moja. Nikajua anaipeleka kwenye mstari. Akaupita mstari. Akaja mpaka nilipokaa nikichambua matembele, akaisukuma chini ya khanga yangu na kuikandamiza kwa mikono miwili. Kisha akanitazama. Usoni, machoni kabisa, midomo kaibana ili asicheke.

Mkwe akamaliza swala, akapapasa kwa mguu, akauliza nani kachukua kandambili yake.

"Sijaiona, mama," nikasema, na machozi yananitoka.