Meza Iliyoinama

Nakuambia, msomaji wangu: yule fundi baiskeli wa Kilosa, mwenzangu wa kucheza pool, hatunaye tena. Lori lilitugonga tukitoka Mikumi, yeye akiendesha pikipiki, mimi nimekaa nyuma. Yeye tumemzika kwao Mvumi; mimi nimebaki na mkono uliovunjika na hasira. Aliyemuua ni dereva aliyelipita gari la mbele kwenye kona, na hilo silimung'unyi.

Meza ya kijiweni kwetu imeinama upande mmoja. Mwenye meza alikunja boksi akalisukumia chini ya mguu, akaona kamaliza kazi. Sisi tukazoea kupiga pembeni, mteremko utuletee mpira shimoni. Fundi alikataa. Aliinama mpaka kidevu kikagusa fimbo, kiwiko kimya, akavuta taratibu na kusukuma moja kwa moja. Akafungwa karibu kila siku. "Fundi, meza inateremka, wewe bado unanyoosha!" tulimcheka. "Mbovu ni meza," alijibu. "Mkono wangu haujawa mbovu." Kila asubuhi, kabla ya kufungua karakana, alilaza chupa tupu ya soda mezani, akaingiza ncha ya fimbo mdomoni mwa chupa na kuitoa, bila kugusa kioo, kuuzoesha mkono kunyooka.

Siku ile ya ajali tulikuwa tumekwenda Mikumi kwenye mashindano, tukakuta meza iliyonyooka. Mabingwa wetu wakapiga pembeni kama nyumbani, wakakosa mmoja baada ya mwingine. "Meza yao mbovu hii!" bingwa wetu akafoka. Akabaki Fundi peke yake, na mpira mweusi, ule wa kumaliza mchezo, uko mbali. Kidevu chini, kiwiko kimya. Ukazama. "Kumbe, Fundi!" bingwa akasema. "Kumbe nini, ndugu yangu? Mimi ni yule yule." Kutoka hapo ndipo tukapanda pikipiki kurudi.

Yule dereva hakuanza siku ile kupita magari kwenye kona. Alishapita mara nyingi akasalimika, na waliokaa naye wakamsifu, "dereva anajua huyu." Nao nawataja kwenye lawama hii. Kosa likitufikisha haraka, tunaliita ujanja.

Nimemwambia mwenye meza aweke mguu sawa. Kanijibu, "Wateja wameshaizoea." Basi nimeomba chupa ya Fundi kwa mjane wake. Kila asubuhi nainama nayo. Mkono uliovunjika bado haujakaa sawa, nagonga kioo, naanza upya. Utatulia tu. Nawe, ukikuta meza imeinama, inyooshe. Wakikukatalia, usiufundishe mkono wako kuinama nayo.