Jina Lililotajwa Mezani

Walburga alianza kuwalisha waandishi studioni mwaka 1997, mwaka wa pili wa kipindi chake. Redio ilikuwa ndogo, vyumba viwili nyuma ya duka la pembejeo mjini Mbinga. Kila Jumamosi mchana aliketi na mtu aliyeandika kitabu, wakazungumza moja kwa moja hewani kuhusu siasa, uchumi, mila, lolote lililokuwa kitabuni. Tatizo lilikuwa maikrofoni. Mbele yake watu wazima walijibu kama watoto wa shule mbele ya mkaguzi.

Dawa aliitoa kwao Maguu. Huko wanaume wa ukoo mmoja hula pamoja, na chakula hicho huitwa sengu. Penye sengu mtu husema lililopo na kumtaja anayehusika, kisha sahani zikiondolewa maneno hubaki pale pale. Walburga alikua akipeleka maji ya kunawa, akisikia. Basi akaweka ugali na usipa, dagaa wa ziwani, kutoka Lundo kati yake na mgeni, maikrofoni akaisogeza pembeni. Wageni walinawa, wakamega, wakasahau. Kipindi kikapata wasikilizaji mpaka ziwani.

Msimu wa kahawa wa 1998 alimwalika Mwalimu Isidori, mstaafu wa Maguu, aliyeandika kijitabu juu ya wanunuzi binafsi walioingia baada ya ushirika kuyumba.

"Shikamoo, Mwalimu. Karibu mezani."

"Marahaba, mwanangu. Usipa huu umekaangwa na mtu mwenye akili."

"Umeandika kwamba soko huria limempa mkulima uhuru. Uhuru gani?"

"Wa kuchagua nani amwibie."

Glorious, fundi mitambo, alicheka nyuma ya kioo. Walburga naye alicheka.

"Hiyo ni siasa au uchumi, Mwalimu?"

"Ni hesabu ya darasa la tatu. Ukikaza springi ya mizani, gunia linapungua. Mizani ya Cleopa, mnunuzi wetu kule Maguu, inakazwa kila asubuhi."

"Una hakika?"

"Joakim wetu ndiye karani wake. Katuambia mwenyewe juzi, tunakula. Anaamrishwa akaze."

Glorious alishusha sauti ya maikrofoni. Jina lilikuwa limekwisha toka.

Saa hiyo Joakim, mtoto wa mdogo wake Isidori, alikuwa kituoni Maguu anapima kahawa. Redio ilikuwa juu ya rundo la magunia. Mkewe, Vitalia, alikuwepo. Anasema foleni nzima iliangua kicheko kwa lile la kuchagua mwizi. Lilipofuata jina la mumewe, wote walimgeukia. Mzee mmoja alishusha gunia lake kutoka kwenye mizani, akaliburuta hadi ukutani, akalikalia. Wengine wakafuata. Joakim aliendelea kuandika stakabadhi ya gunia ambalo halikuwepo tena.

Jumatatu ilikuja pikapu ya Cleopa. Dereva alisema wanakwenda Songea kujibu maswali mawili matatu, akamshauri Joakim achukue koti, Songea kuna baridi. Maguu kuna baridi zaidi ya Songea, na Vitalia alilifikiria hilo pikapu ikiwa imeshaondoka. Njiani, pale Kitai, wachuuzi wa njia panda waliiona ikiacha barabara ya Songea na kushika ya Lituhi, inayoteremka ziwani.

Alhamisi Vitalia alikuja redioni. Yeye na ndugu wa mumewe walikwishapita polisi, wakaambiwa mtu mzima anaruhusiwa kusafiri.

"Nitatangaza kwamba ametoweka," Walburga alimwambia.

"Usitangaze hivyo, dada. Wakisikia tumeshasema ametoweka, watamalizia. Tangaza kwamba baba mkubwa alidanganya."

"Lakini hakudanganya."

"Unamtaka nani, mkweli au mume wangu?"

Isidori hakubishana. Jumamosi alirudi studioni, akakataa kunawa, akaivutia maikrofoni kwake. Alisema Joakim hakumwambia lolote, kwamba ya mizani aliyatunga, na kwamba waliokwisha nunua kijitabu wakichukulie kama hadithi. Sauti yake ilikuwa ya mwalimu anayesoma majina asubuhi. Alipomaliza alitoka bila kuaga.

Simu ya ofisini iliita wimbo ukiwa hewani. Alikuwa Cleopa, mwenye sauti ya upole.

"Nimesikia, mama. Mwalimu kanisafisha. Mwambie nimesamehe."

"Asante, mzee. Na Joakim?"

"Amefanyaje?"

"Arudi nyumbani."

"Arudi kutoka wapi? Mimi niligombana na kitabu, na mwenye kitabu amesema ni hadithi. Joakim ni mtoto wenu, mnaniulizaje mimi?"

Simu ikakatwa.

Vitalia alikuwa kwenye benchi mlangoni. Alikuwa amesikiliza kipindi chote kupitia spika ya dukani, na amekwisha jifunga kitenge cha safari.

"Ni Cleopa aliyepiga, sivyo? Kasema Joakim atarudi na gari gani? Nimsubiri hapa, au nikamsubiri stendi?"

Walburga alitazama barabara.

"Stendi," alimwambia.