Kwenda Kakesio kwa Ajili ya Herufi Moja

Kwanza nawaomba radhi, ndugu wasomaji. Mwandiko wangu ni mbaya na maneno mengine huenda nimeyakosea herufi. Niliishia darasa la saba, na kuandika naandika polepole sana. Wenzangu walipokuwa wamemaliza imla, mimi nilikuwa bado mstari wa tatu. Lakini safari hii yote ilikuwa ya herufi moja tu, kwa hiyo nitajitahidi.

Aliyenituma ni baba yangu mdogo, Boay. Hapa Kansay mnamjua: ni yule kipofu aliyekuwa akikaa mlangoni kuzungumzia kriketi. Mlimcheka, na mimi nilimcheka pia. Ujana wake aliutumia katika shamba la kahawa la mzungu mmoja kule Oldeani, akikata majani ya uwanja wa kriketi. Jumapili moja timu ilipungukiwa na watu wawili. Wakaitwa yeye na mchunga ng'ombe wa shamba, Mmasai aliyeitwa Sironga.

Katika mchezo ule wapigaji wawili husimama kila mmoja upande wake. Mmoja akiupiga mpira, wote wawili hukimbia kupishana, na kila kupishana huhesabiwa mkimbio mmoja. Hukimbia wote, lakini huandikiwa yule aliyepiga. Siku hiyo Baba Mdogo alishika gongo la kupigia asubuhi, akaliweka chini ng'ombe wakirudi zizini. Hakuna mtu wa mashamba yale wala wa Arusha aliyewahi kupata mikimbio mingi kiasi kile kwa siku moja. Baadaye wazungu walikuwa wakimpakia nyuma ya lori pamoja na viti, wakampeleka Arusha, akawapigia, wakamrudisha pamoja na viti. Halafu mzungu akaondoka, uwanja ukalimwa, na Baba Mdogo akarudi kwenye mahindi yake. Kisha macho yakafa.

Mwalimu wa shule yetu alimwandikia Baba Mdogo barua ya kwenda chama cha kriketi. Jibu likaja: wanachora ubao mpya wa wapigaji bora, na karatasi ya siku ile ipo. Lakini mwandishi wa alama alikuwa ameandika "Boy" kwa wote wawili, jina ambalo wazungu walimwitia mtumishi yeyote. Boy mmoja ana mikimbio mingi, mwingine michache. Yupi ni yupi? Walitaka maneno ya yule mwenzake, na alama ya dole gumba.

"Ameniangushia herufi moja," Baba Mdogo alisema. Kabla hajapofuka alikuwa amehudhuria masomo ya watu wazima, akajifunza kuandika jina lake tu. "A yangu imeanguka. Nasikia Sironga yuko Kakesio. Nenda ukaniokotee, mwanangu."

Asubuhi ya kwanza nilitembea kutoka Kansay, nikafika Karatu jua likiwa kali. Nikapata lori la mahindi la kwenda Endulen.

"Unakwenda wapi, kijana?" dereva aliuliza.

"Kakesio."

"Kuoa?"

"Kufuata herufi."

Alicheka mpaka akapunguza mwendo. "Karatu zimekwisha kama sabuni?"

Ukingoni mwa kreta ukungu ulikuwa umefunga kila kitu. Dereva aliniambia kreta iko chini yetu, upande wa kulia, nitazame. Nilitazama. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika Ngorongoro, na sikuona kitu.

Endulen nililala kwa katekista. Kulipokucha nikafuatana na akina mama wenye punda, tukatembea siku nzima, mbuga kavu, vumbi jeupe mpaka kwenye meno.

Kakesio tulifika mchana unapoisha. Sironga alikuwa amekaa nje ya boma, mzee mwembamba mwenye blanketi jekundu. Niliinamisha kichwa kama nilivyoona watoto wakifanya, akanigusa utosini.

"Mmbulu," akaniita kwa kabila langu, "umefuata ng'ombe wangu?"

"Hapana, mzee. Nimetumwa na Boay."

Akainuka. "Boay hajafa? Mtu yule alinichosha! Kimbia, rudi, kimbia, rudi, na ndama wangu wamebaki peke yao!"

Akawaita wanawe waje wasikie. Nilipoeleza habari za ubao, macho yake yaling'aa. Nikatoa karatasi, nikamuuliza mikimbio ile mingi ilikuwa ya nani.

"Yetu," alisema. "Akienda yeye huku, mimi naja huku. Kuna hata mmoja ambao sikukimbia? Andika hivyo: ilikuwa yetu wawili, tulikimbia sawa."

Niliandika, polepole. Lilikuwa limebaki swali moja: nani alikuwa anapiga? Lakini wanawe walikuwa wamesimama wakimtazama baba yao kama wanamwona upya, naye alikuwa anacheka. Swali nikaliacha. Nilimpaka wino wa kalamu kwenye dole, akaligandamiza chini ya maneno yake kwa nguvu zote.

"Mwambie Boay miguu bado inauma," alisema.

Nikirudi, nilisimama mara mbili njiani nikitaka kugeuka. Sikugeuka. Endulen nikatoa kalamu, maana juu ya dole palikuwa na nafasi ya mstari mmoja: *Aliyepiga ni Boay.* Ningeweza. Lakini dole lile lilikuwa limetia sahihi maneno yake, si yangu. Nikaikunja karatasi, nikaipeleka posta Karatu.

Nyumbani nilimwambia Baba Mdogo kuwa Sironga ameweka dole. Alishukuru, hakuuliza zaidi. Tukangoja. Miguu yake ikaanza kuvimba, akawa hatoki tena kukaa mlangoni.

Jibu lilikuja mvua zikiisha. Kwa kuwa shahidi amesema mikimbio ilikuwa ya wote wawili, ubao umechorwa kama karatasi ilivyo: Boy. Mwalimu alikuwa amehamishwa, hivyo nililisoma peke yangu, kando ya kitanda.

"Wameandika?" Baba Mdogo aliuliza.

"Wameandika."

"Ubaoni?"

"Ubaoni, Baba Mdogo."

Akanyoosha mkono wake juu ya blanketi, vidole wazi. "Herufi ngapi?"

"Nne," nilisema.

Akavikunja kimoja kimoja. "B. O. A. Y." Ngumi ile hakuifungua mpaka usingizi ulipomchukua. Tulimzika kabla ya mavuno.

Nimejifunza kwamba naweza kwenda mpaka Kakesio, nikashindwa kusema sentensi moja.

Wasomaji, kama kuna aliyekuwa Oldeani Jumapili ile, akichuma kahawa au akibeba viti, na aliona kwa macho yake ni yupi aliyekuwa akipiga, naomba aniandikie kupitia kanisani Kansay. Mwandiko ukiwa mbaya kama wangu haidhuru. Ila jina la Baba Mdogo liandikeni polepole.