Kete ya Chelezo

Mama Pampu alianza kazi kwa kuzibua mabomba ya chelezo, lile sanduku kubwa la chuma linaloelea. Mafundi hulizamisha nusu ili meli mbovu iingie, kisha hulitoa maji, nalo huibuka limeibeba. Sasa yeye ndiye msimamizi, ana mafundi hamsini.

Asubuhi hiyo jeshi la majini lilimwita kwenye chumba chenye ramani iliyoenea meza nzima. Maofisa walikuwa wanacheza vita. Mchezo, ndiyo, lakini matokeo yake ndiyo yangeamua kama chelezo kihamishiwe kusini, na mafundi wake waachwe wakipiga miayo.

Kapteni akaisukuma kete iliyowakilisha chelezo miraba sita kwenye ramani. "Siku mbili, tumefika. Matengenezo yaanze."

Mama Pampu akacheka. "Afande, hilo dude halina injini. Umelisukuma kwa kidole."

"Litavutwa na matagi, zile meli za kuvuta."

"Basi hesabu siku nne za kufungua minyororo. Na bahari ikichafuka, tunasubiri."

Kamanda aliyesimamia mchezo akakubali. Kete ikarudishwa, ikatambaa kama kobe. Hata hivyo, kwa kuwa waliondoka mapema, ilifika kabla ya vita. Mama Pampu akaona mwenyewe: chelezo kikiwa kule, manowari zilizoumia zingepona; kikibaki huku, zingezama njiani. Hakupenda, lakini hesabu ni hesabu. Akaacha kupinga kuhama, akaanza kudai masharti.

"Sawa, limefika. Nani anapanga magogo?"

"Magogo gani?"

"Ya kulalia meli. Kila meli ina tumbo lake. Ukikosea, inalala ubavu humo ndani. Wanaojua umewaacha huku."

"Tutaajiri wa kule."

"Kuwafundisha, wiki sita. Cheza hivyo tuone."

Wakacheza hivyo. Manowari ikasubiri nje ya chelezo, ikapigwa palepale. Kapteni akakuna kichwa.

"Haya, mama," Kamanda akasema, "unataka nini?"

"Kete iandikwe 'chelezo na watu wake'. Na nyumba za familia huko kusini."

"Familia hazimo mchezoni."

"Fundi ukimtenga na mkewe, mwezi wa pili humwoni."

Maofisa wakaangua kicheko. Kamanda akatoa nyumba thelathini, akapandisha arobaini. Mama Pampu akatikisa kichwa, mkoba magotini, mpaka zikawa hamsini na moja. Kisha akaomba sahihi.

Nyumbani alimkuta mumewe akipaka rangi chumba cha mwisho cha nyumba waliyoijenga kwa miaka kumi na moja.

"Umetuuza twende kusini?"

"Pamoja na chuma. Kingeenda peke yake, tungebaki na nini?"

Mume akatazama ukuta mbichi. "Na nyumba hii?"

Mama Pampu akaigusa rangi, akajifuta kidole kwenye kanga.

"Maliza kupaka," akasema. "Mpangaji hapendi chumba nusu."